Kadi ya mtandao ikigoma kwenye mashine ya GB 1: soma namba kabla ya kugusa draiva

Kwa nyie mnaoanza ufundi wa kompyuta hapa Dodoma: sehemu kubwa ya mashine mtakazoletewa ni zile kuukuu za stationery na za shule, RAM GB 1, zimewekewa Linux nyepesi kwa sababu Windows imeshazilemea. Mteja atakwambia "mtandao umekufa". Fundi mgeni hukimbilia kupakua draiva nyingine (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi), na hapo ndipo anapopoteza siku nzima.

Anza na `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha kadi za ndani na draiva zake (kadi ya USB itafute kwa `lsusb`). Kama kadi ya ndani haionekani kabisa kwenye orodha, achana na draiva. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, ifungue. Kiangazi cha huku ni vumbi tupu. Pangusa meno ya kadi na ya RAM kwa ufutio wa penseli, kisha uyarudishe yakae vizuri. Gusa kwanza chuma cha kasha, maana hewa ikiwa kavu mwili hubeba umeme tuli, na kipande cha RAM hakivumilii hilo.

Kadi ikionekana lakini haifanyi kazi, nenda `sudo dmesg | less`, yaani ujumbe wa kerneli (moyo wa Linux), na utafute jina la draiva, kwa mfano r8169 kwa kadi nyingi za Realtek. Mstari wa kosa huishia na namba, na namba hiyo ndiyo inayokuelekeza. -2 ni faili halipo: mara nyingi ni fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe), na kwenye Debian utaipata kwenye pakiti ya `firmware-realtek`. -12 ni kumbukumbu imekosekana. Ukikuta pia "page allocation failure: order:4", basi kadi ni nzima na draiva ni nzima. Kubadilisha draiva hapo ni kumpa dawa asiyeumwa.

Wengi hapa hubisha: "Mbona `free -m` inaonyesha MB 80 zipo?" Zipo, ila zimetawanyika. Ni kama daladala yenye viti kumi vitupu, kila kimoja kona yake, halafu wanapanda watu wanne wanaotaka kukaa pamoja. Kerneli hugawa kumbukumbu kwa kurasa za KB 4, na order:4 maana yake kurasa 16 zilizofuatana, yaani KB 64 kwa mkupuo. Hakikisha kwa `cat /proc/buddyinfo`: safu ya kwanza ni vipande vya KB 4, inayofuata KB 8, kisha 16, na kuendelea. Safu za kulia zikiwa sifuri, umeshampata mhalifu. Ndiyo maana mashine hufanya vizuri asubuhi ikitoka kuwashwa, halafu mchana, kivinjari kikiwa na tabo ishirini, ukichomoa kadi ya USB na kuichomeka tena inagoma.

Kuthibitisha, funga kivinjari, kisha sogeza vipande vya kumbukumbu vikae pamoja, na utoe draiva na kuirudisha (weka jina la draiva ya kadi yako):

`echo 1 | sudo tee /proc/sys/vm/compact_memory`
`sudo modprobe -r r8169 && sudo modprobe r8169`

Usiifanye hii ukiwa umeingia kwenye mashine kwa mbali (SSH) kupitia kadi hiyohiyo, utajifungia nje.

Mtandao ukirudi, tibu chanzo. Angalia `/proc/sys/vm/min_free_kbytes`. Ikiwa ni elfu nne hivi, ipandishe hadi 16384 kwa kuandika `vm.min_free_kbytes=16384` ndani ya faili jipya la `/etc/sysctl.d/` lenye jina linaloishia na `.conf`, kisha `sudo sysctl --system`. Msiwe na tamaa: ukiweka MB 100 kwenye mashine ya GB 1, kerneli itaanza kuua programu za mteja. Ingia pia BIOS uone grafiki imejitengea kiasi gani. Kama ni MB 128 na inakubali 32, punguza. Kazi ya kuandika barua haihitaji zaidi. MTU (ukubwa wa juu wa data inayobebwa na fremu moja) iache 1500, maana fremu kubwa hudai vipande vikubwa. Kadi za Intel zinazotumia e1000e hukubali kupunguziwa foleni ya kupokea kwa `sudo ethtool -G enp2s0 rx 128` (badala ya enp2s0 weka jina la kadi yako, utaliona kwa `ip link`). R8169 itakataa, msihangaike nayo.

Kabla ya kumrudishia mteja, pakua faili kubwa huku kivinjari kimefunguliwa tabo nyingi, chomoa kebo na uichomeke tena, kisha rudi kwenye `dmesg`. Mstari wa order ukitokea tena baada ya yote haya, mwambie wazi anunue RAM, na umwandikie aina yake kwenye karatasi, DDR2 au DDR3, maana haziingiliani.