Mkate Uliotundikwa Ukutani

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema binti wa Samarkand mnayekaa naye chumba kimoja huko Istanbul huongea Kitajiki, lugha ya jamii ya Kiajemi, na bibi yake na Kirusi na mama yake, lakini Mturuki akimwambia "sisi na ninyi ni kitu kimoja" anakuja juu: yeye ni Mwuzbeki. Tena Navruz, mwaka mpya wao wa machipuko, ilipofika akatoa gauni la atlasi, ile hariri ya rangi zinazoingiliana, ambalo kwa kauli yake mwenyewe kwao hakuwahi kulivaa. Unaniuliza, kwa kuwa nilisoma Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistani: huyu ni Mwuzbeki kweli au anajitia tu?

Hajitii. Wasovieti walipochora mipaka mwaka 1924, Samarkand yenye wasema Kitajiki wengi iliangukia Uzbekistani, ikawa hata makao makuu mpaka 1930. Wengi wakaandikishwa Wauzbeki, na nyumbani wakaendelea na lugha yao. Tazama na maandishi ya Kiuzbeki: Kiarabu, kisha Kilatini, mwaka 1940 herufi za Kirusi, na 1993 ikapitishwa sheria ya kurudi Kilatini. Bibi na mjukuu wanaweza kuandikiana barua, mmoja akashindwa kuisoma. Mtu wa nyumba kama hiyo ukimdai Uuzbeki ulionyooka kama rula, unamwonea. Wenyewe wana maneno mawili: o'zbek, wa kabila, na o'zbekistonlik, wa nchi. Msikilize analitumia lipi, na kwa nani.

Ila gauni ndilo lililonigusa. Mimi nilifika Tashkent 1983 nikiwa Mdigo wa Tanga. Utanzania nilivishwa kule, na watu walioniuliza. Zikija sherehe za wanafunzi wa kigeni, sisi wanaume tulivaa suti tukakaa mbele. Dada zetu wawili ndio walioambiwa wavae khanga, wapike, wacheze ngoma. Mmoja alikuwa Mchaga, lelemama haijui kabisa. Akafundishwa bwenini usiku kucha. Aliyemfundisha ni mimi, na nilijiona nimemsaidia.

Wanawake wa kule wameyajua haya zamani. Machi 8, 1927 Chama cha Kikomunisti kiliwatoa hadharani wachome paranja zao, yale mavazi ya kufunika mwili na uso, uwanjani, na wengi waliozivua wakauawa, baadhi na ndugu zao wenyewe. Taifa liligombaniwa juu ya miili yao. Sasa huyo mwenzako: umesema kaka zake wako Moscow kazini, wanavaa jinzi, hakuna anayewauliza lolote. Yeye anaulizwa vazi, anaulizwa ataolewa lini, na shangazi anamkagua kwenye simu. Labda gauni lile kalivaa kwa kupenda, labda kwa kuchoka kuulizwa. Usimlazimishe achague.

Akikupikia palov, pilau yao, usimwambie karoti zimezidi. Nilishawahi kusema hivyo na nikanuniwa wiki nzima. Jira wao huiita zira, utajisikia nyumbani.

Siku naondoka, 1988, mama mmoja jirani na bweni letu alinishikisha non, mkate wao wa duara wenye mihuri katikati. Nikang'ata kipande kimoja. Uliobaki akautundika ukutani unisubiri, mpaka nirudi niumalize. Sijarudi. Muulize na mwenzako, wa kwake umetundikwa wapi.

Baba yako