Rangi ya ukuta wa nje katika mji wa vumbi

SWALI: Ndugu Mhariri, tunamalizia nyumba yetu huko Nala, jijini Dodoma. Bati ni la rangi ya damu ya mzee, na kuta za nje zilipigwa lipu wiki mbili zilizopita. Mume wangu anataka nyumba nzima iwe nyeupe ili isivute joto, ilhali mimi napenda bluu ya bahari, kama nyumba niliyoiona Tanga. Fundi anatuhimiza tuamue upesi kwa kuwa anataka kuanza kazi Jumatatu. Tumsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Nala

JIBU: Mama, kwanza msimsikilize fundi. Lipu ya wiki mbili huonekana kavu kwa nje, lakini ndani bado ina unyevu na ukali wa saruji, ambao hula rangi mpya na kuacha mabaka. Subirini angalau siku 28 tangu lipu ilipopigwa. Kama mlichanganyia maji ya kisima yenye chumvi, jambo la kawaida katika maeneo mengi ya Dodoma, mtaona ungaunga mweupe ukichomoza ukutani. Upigwe brashi kavu, usioshwe kwa maji, kisha ipakwe praima ya saruji, yaani rangi ya kutangulia, kabla ya rangi yenyewe.

Kuhusu joto, mumeo ana hoja. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, hunufaika zaidi. Hata hivyo, krimu au rangi ya mchanga iliyopauka haiachwi nyuma sana, na joto jingi la nyumba ya bati huingilia juu, kwa hiyo dari nzuri itawafaa kuliko ubishi wa krimu na nyeupe.

Kinachoamua rangi hapa kwetu ni vumbi. Mvua ya Dodoma hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayosalia upepo huokota udongo mwekundu na kuupaka ukutani bila malipo. Nyumba nyeupe tupu, ambayo Januari inang'aa, ifikapo Septemba huwa na rangi ambayo hakuna aliyeichagua. Mvua nayo ikirudi, matone hurusha tope kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Tembe za Wagogo, zilizokandikwa kwa udongo uleule wa kiwanjani, hazikuwahi kuonekana chafu, na sioni aibu kujifunza kwao.

Bluu ya bahari, samahani, ningeiacha Tanga. Vumbi la rangi ya kutu likitua juu ya bluu huifanya iwe kama kijivu kilichochoka, na kando ya bati la damu ya mzee rangi hizo mbili zitagombana kila siku. Bati hamlibadilishi, kwa hiyo ukuta ndio ulifuate. Ningechagua rangi ya unga wa mtama, au krimu inayoelekea kahawia, kisha ukanda wa sentimita 60 hivi kutoka chini upakwe kahawia ya udongo ili tope lisionekane. Kahawia, wekundu wa udongo na njano ya udongo (okra) hutokana na oksaidi ya chuma, ambayo huvumilia jua miaka mingi, wakati rangi nyingi kali hupauka mapema.

Msichague kwa kadi ndogo ya dukani. Nunueni kopo dogo la kila rangi mnayoifikiria, mpake kipande cha mita moja kwa mita moja kwenye ukuta wa magharibi na kingine upande wenye kivuli, kisha mtazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Rangi iliyo tulivu kwenye kadi huweza kuwa kali mno ikienea ukuta mzima. Mkishakubaliana, nunueni rangi ya nje, si ile ya ndani iliyo nafuu, na ndoo zote zichanganywe siku moja, kwa maana rangi iliyochanganywa baadaye mara nyingi hutofautiana kidogo na ya awali.

Nyeupe ya mumeo ipakeni kwenye dari ya baraza na kuzunguka madirisha yaliyo chini ya paa, ambako mvua hairushi tope na kitambaa chenye maji kinafika kwa urahisi.