Pikipiki mpya inayozima ikiwa sailensi: jua kwanza inazima lini

Mdogo wangu unayejifunza ufundi, na wewe uliyekabidhiwa pikipiki ya mkataba juzi tu na tayari imeanza kukuzimia barabarani, haya ni ya kwenu. Hapa Dodoma ni malalamiko ya kila siku. Chombo bado kina nailoni kwenye siti, namba haijapata hata vumbi, lakini ukifika makutano ya Sabasaba ukaachia mkono wa mafuta usubiri magari yapite, injini inashuka, inatetemeka kidogo, kimya. Unapiga starta, inawaka. Mbele kidogo inazima tena. Abiria anaanza kuuliza kama mtafika.

Karibu kila mtu hukimbilia dawa ileile: bisibisi, skrubu ya sailensi (sailensi ni ule mngurumo wa taratibu wa injini ukiwa hujashika mafuta), pandisha. Injini inaunguruma kwa nguvu, haizimi tena, mteja anatoa hela na kuondoka. Mimi naomba usianze hapo. Skrubu ile kazi yake ni kuzuia slaidi ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, isifunge kabisa, ili injini ipate pumzi ya kutosha ukiwa hujashika mafuta. Kama ilikuwa imelegea, sawa, umetibu. Kama injini inazima kwa sababu nyingine, umeinyamazisha tu, na ile sababu inaendelea kula chombo wakati mwenye nacho anadhani kimepona. Ukimfanyia hivyo kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, umemtengenezea deni.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, muulize: inazima lini? Asubuhi tu? Ikishapata moto? Ukiingiza gia? Ukikata mafuta ghafla? Baada ya safari ndefu? Au wakati wowote ule, bila mpangilio? Majibu ya swali hilo yana thamani kuliko spana zote ulizonazo, kwa sababu kila jibu linakupeleka kwenye sehemu tofauti ya pikipiki. Mteja asipojua, panda nayo wewe. Zunguka nayo hadi Nkuhungu na kurudi, simama mara kwa mara, sikiliza.

Tuanze na ile inayozima asubuhi tu. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma kuna baridi ya kweli alfajiri, nyuzi 14 hivi au chini yake, na petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini iliyolala nje usiku kucha. Vijana wengi waliozoea kuendesha Dar es Salaam hawajawahi kugusa choki, ule mkono mdogo unaozidisha mafuta kwenye mchanganyiko injini ikiwa baridi. Vuta choki, washa, iache iungurume dakika moja au mbili, rudisha choki, ondoka. Ikitulia baada ya hapo, chombo ni kizima. Usifungue kitu. Ila hakikisha choki imerudi hadi mwisho, maana ikibaki nusu utakuja kulalamika mchana kwamba inazima, inanuka petroli na plagi imejaa masizi.

Hapa niseme jambo moja ambalo huwa linapotoshwa. Utaambiwa kwamba Dodoma iko juu, hivyo pikipiki iliyotoka pwani inahitaji kuongezewa mafuta. Ni kinyume chake. Mji wetu uko mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina mafuta karibu yaleyale kwenye hewa iliyopungua, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mafuta kidogo. Tofauti yenyewe si kubwa kiasi cha kuzima injini nzima. Lakini ukiongeza mafuta juu yake kwa kuamini maneno ya kijiweni, ndipo unapoharibu.

Ile inayozima ikishapata moto ndiyo ninayotaka uiogope. Asubuhi inashika vizuri. Dereva anapeleka abiria Mtumba, anarudi, anachukua mwingine wa UDOM, na kufikia saa tano kila akisimama inazima, na akipiga kiki anaiona nyepesi kuliko kawaida. Hapo fikiria vali, vile vifuniko vinavyoingiza mchanganyiko na kutoa moshi kwenye silinda. Injini ikiwa mpya, vali na viti vyake bado havijakaana. Katika kilomita za mwanzo vinasagana taratibu, vali inapanda juu kidogo, na ule uwazi kati ya ncha ya vali na roka, mkono unaoisukuma ifunguke, unapungua. Ndiyo maana sehemu ya sevisi ya kwanza ni kupima tapeti, yaani uwazi huo, kazi ambayo mara nyingi inarukwa, watu wanamwaga oili tu na kuandika kwamba sevisi imefanyika.

Uwazi ukiisha, vali haifungi kabisa injini ikipanuka kwa joto. Mgandamizo unavuja. Ukiwa mwendo husikii, kwa sababu injini inazunguka haraka na ina nguvu ya akiba, lakini kwenye sailensi haina akiba yoyote, inazima. Na vali ya kutolea moshi hupoa kwa kugusa kiti chake, joto linapita pale kwenda kwenye silinda hedi. Isipogusa vizuri, haipoi, inaungua ukingo. Sasa fikiria fundi aliyepandisha sailensi kwenye injini ya namna hiyo. Dereva anafurahi mwezi mzima, kisha siku moja pikipiki haiwaki kabisa, hedi inafunguliwa, vali imeliwa. Kitu ambacho kingemalizwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, na nusu saa ya kazi.

Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi. Namaanisha baridi ya kulala, si ya kusubiri unywe chai. Pistoni iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, alama ya magneti ikutane na alama ya kwenye kava, na roka zote mbili ziwe na mchezo kidogo ukizishika kwa vidole. Zikiwa zimekaza, upo kwenye mzunguko usio sahihi, zungusha mara moja zaidi. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinataka uwazi mdogo sana, kati ya milimita 0.05 na 0.10, na mara nyingine ya moshi inapewa zaidi ya ile ya kuingiza. Kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha chombo chako. Usikisie kwa kutikisa roka na kusikiliza mlio. Na ujue kwamba vali inayolia kidogo ni salama kuliko iliyo kimya kwa kubanwa.

Inayozima ukiingiza gia ni habari nyingine kabisa na haihusiani na kabureta. Iko nyutro inaunguruma vizuri, unabana klachi, unaweka gia ya kwanza, inakufa. Angalia mambo mawili. La kwanza, baadhi ya pikipiki za siku hizi zina swichi kwenye stendi ya pembeni, stendi ikiwa chini na gia imeingia, moto unakatwa kwa makusudi. Kuna watu wamefunguliwa kabureta bure kwa ajili ya stendi. La pili ni waya wa klachi. Waya mpya hunyooka siku za mwanzo, mchezo wa kwenye mkono unaongezeka, na ukibana hadi mwisho klachi haiachii yote. Inaburuta injini. Isimamishe kwenye stendi kubwa, bana klachi, weka gia ya kwanza: tairi la nyuma likizunguka kwa nguvu na ukilizuia kwa mguu injini inataka kuzima, rekebisha waya. Mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono unatosha pikipiki nyingi. Ukikaza zaidi ya hapo klachi itateleza na kuungua.

Inayozima baada ya kutembea muda, kisha ukipumzika inawaka yenyewe kana kwamba haikuwa na shida, ifungulie kifuniko cha tanki palepale ilipozimia. Ukisikia hewa inavutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii juu yake. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika na maji ya kuoshea pikipiki linaziba tundu lile vizuri sana. Safisha, endelea na safari. Angalia pia koki ya petroli chini ya tanki, maana nyingine zinatoka dukani zikiwa zimefunguliwa nusu tu.

Ile ambayo ukikata mafuta resi inakawia kushuka, inaning'inia juu, kisha inaporomoka na kuzima, huku bomba linapigapiga, hiyo inavuta hewa mahali isipotakiwa. Shuku kwanza ile shingo kati ya kabureta na injini. Kwenye pikipiki mpya nati zake huwa hazijakazwa sawasawa, au ringi ya mpira imekaa upande. Kuna wanaopulizia petroli pale kutafuta tundu. Usifanye hivyo, bomba la moto liko karibu na utajichoma. Chukua chupa ya kupulizia maji, nyunyiza taratibu kuzunguka maungio injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika ghafla, umepata.

Ikizima bila mpangilio wowote, gawanya mara mbili: umeme au mafuta machafu. Upande wa umeme shika kofia ya plagi, tikisa, angalia nati za betri na ule waya wa ethi kwenye fremu, kwa sababu pikipiki huunganishwa upya ikishafika nchini na nati za betri ni miongoni mwa zinazosahaulika. Upande wa mafuta, fungua skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, mwagia kwenye chupa nyeupe, tulia uangalie. Maji yanazama chini ya petroli na kukaa kama shanga. Wanaopeleka abiria Hombolo, Mvumi au Bahi na kununua petroli ya kwenye chupa njiani hukutana na hili zaidi. Ukikuta uchafu, jeti ndogo ya sailensi, kipande chenye tundu la kupitishia mafuta, ndiyo inayoumia kwanza, tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. Ipulize kwa upepo na dawa ya kabureta. Usiichokonoe kwa waya wa chuma, shaba nyeupe ni laini, utapanua tundu na hutalirudisha.

Na chujio la hewa, mpya au si mpya, lifungue uliangalie. Kati ya Mei na Oktoba hapa karibu hakuna mvua, upepo unabeba udongo mwekundu siku nzima, na pikipiki inayofanya kazi barabara za vumbi za pembezoni inaweza kuziba chujio kabla ya sevisi ya kwanza kufika. Kamwe usimwambie mtu aendeshe bila chujio ili ipate pumzi. Vumbi la Dodoma ni mchanga, linasaga ringi na silinda.

Ukishapita yote hayo, na umejiridhisha kwamba vali, klachi, hewa, umeme na mafuta viko sawa, sasa chukua bisibisi kwa amani. Injini iwe imepata moto wa kutosha, imetembea dakika 10 hivi. Sailensi ya pikipiki nyingi za ukubwa huu ni mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Kabla ya kugusa skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, ikaze taratibu hadi iguse huku ukihesabu mizunguko, andika, kisha irudishe ilipokuwa. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea. Halafu tazama iko upande gani. Ikiwa upande wa chujio, inapima hewa: ukifungua, mafuta yanapungua. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukifungua, mafuta yanaongezeka. Ni kosa la kulichanganya hili ndilo linalofanya wawili wabishane gereji huku wote wawili wana hakika. Zungusha robo, subiri, sikiliza, zungusha robo nyingine. Ukipata mahali injini inapounguruma juu na kutulia, ndipo ushushe sailensi kwa ile skrubu nyingine. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Pikipiki ya injekta haina skrubu hizi za kuchezea. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi inataka kusomwa kwa mashine, na isipowaka anza na betri, plagi na uchafu kwenye mdomo wa kuingizia hewa.

Kama bado iko ndani ya dhamana, usiifungue wewe. Mwandikie mteja kwenye karatasi: inazima lini, baada ya muda gani, ilikuwa na kilomita ngapi, plagi ina rangi gani. Ampelekee aliyemuuzia na karatasi hiyo, maana ukisema "inazimazima tu" watapandisha sailensi na kukurudishia. Na kama ulilazimika kuinua sailensi kidogo kwa injini iliyokuwa bado imebana, mwambie arudi ikifika kilomita 1,000. Kufikia hapo vyuma vimeshazoeana, injini inazunguka kwa urahisi zaidi na sailensi imepanda yenyewe, kwa hiyo itahitaji kushushwa.