Linka yako ikikwama kwenye DWARF 5

Linka, yaani programu inayounganisha vipande vya msimbo uliokompailiwa, ikikuonyesha faili na mstari ulioita funkshini isiyopatikana, imevisoma kwenye seksheni ya .debug_line. Seksheni hiyo imeandikwa kwa DWARF, muundo wa taarifa za utatuzi wa hitilafu. Kama linka inajua DWARF 4 tu, itapotea ukihamia kompaila za GCC 11 au Clang 14, maana hizo ndizo zilizofanya toleo la 5, lililotoka mwaka 2017, kuwa chaguo-msingi.

Linka ninayoitunza hapa Mwanza inaunganisha programu za mizani ya wanunuzi wa sangara, na ndani yake kuna maktaba za zamani ambazo hakuna anayethubutu kuzikompaili upya. Kwa hiyo usiifute njia ya toleo la 4. Kila jedwali la mistari ndani ya .debug_line lina namba yake ya toleo. Isome hiyo kwanza, ndipo uchague njia.

Kwenye toleo la 5, baada ya namba hiyo zimeongezwa baiti mbili: ukubwa wa anwani na wa kiteuzi cha segmenti. Msimbo wa zamani huzimeza kama sehemu ya urefu wa kichwa. Kwenye mashine ya biti 64, urefu wa 53 unasomeka 3,473,416. Ukiona namba kubwa kiasi hicho, usihangaike kutafuta mbali.

Majedwali ya saraka na faili sasa yanatanguliza maelezo ya umbo lake. Yafuate hayo maelezo, na usichokihitaji, MD5 (alama ya utambulisho ya yaliyomo kwenye faili) kwa mfano, kiruke kwa ukubwa wake. Kuhesabu kunaanza 0 badala ya 1, ila rejista ya faili, inayoshika namba ya faili la sasa, bado inaanza na 1. Waliobuni hili wanajua wenyewe walichowaza.

Kazi ipo kwenye majina. Mengi yamehamia seksheni ya .debug_line_str, na jedwali lina ofseti tu, yaani umbali wa jina toka mwanzo wa seksheni hiyo. Katika faili la .o (lililokompailiwa ila halijaunganishwa) la x86-64, ofseti hiyo huwa sifuri mpaka utekeleze relokesheni, yaani ujaze thamani zilizoachwa wazi, kwa sababu thamani halisi imekaa kando, kwenye rekodi ya relokesheni ya aina ya RELA. Ukiisoma kavukavu, kila faili litabeba jina moja, mara nyingi la saraka. Ubaya ni kwamba ARM ya biti 32 inatumia aina ya REL, thamani imo humo humo kwenye seksheni, hivyo jaribio linapita bila relokesheni yoyote. Mizani yetu ni ARM. Jaribu kote kuwili, x86-64 na ARM, kisha linganisha na matokeo ya amri ya readelf --debug-dump=line.