Jibu: Kwa nini IRNSS-1A haionyeshi tena mtu alipo

Mkuu, umeuliza inakuwaje setilaiti ya India, IRNSS-1A, iko angani lakini haitumiki tena kuonyesha mtu alipo. Kilichokufa ni saa. Ilirushwa tarehe 1 Julai 2013 ikiwa na saa tatu za atomiki za rubidi (saa zenye usahihi mkubwa mno) zilizonunuliwa Ulaya. Kufikia mapema 2017 zote zilikuwa zimegoma. Simu hupima mawimbi kutoka kwenye setilaiti yametumia muda gani kufika, sasa saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unapotea kwa mita 300 hivi. Unajikuta mtaa wa pili.

Mbadala wake, IRNSS-1H, ilirushwa Agosti 2017 ikabaki imefungiwa ndani ya kifuniko cha roketi kilichokataa kuachia. Mkosi gani huo! Iliyofuata, IRNSS-1I, ndiyo ikafanikiwa, Aprili 2018.

Umeuliza pia kuhusu bendera ya India unayoiona kwenye programu ya simu inayoorodhesha setilaiti ukiwa Dar; wala si hitilafu. Baadhi ya setilaiti za NavIC, yaani mfumo huu wa India wa kuonyesha mtu alipo, huchora umbo la namba nane juu ya Bahari ya Hindi, zikikatiza ikweta kwenye longitudo 55 mashariki, jirani na Shelisheli. Ila mfumo umepangwa kuhudumia India na takriban kilomita 1,500 nje ya mipaka yake, kwa hiyo huku usiutegemee peke yake.