Barua kwa mwanangu: neno lipo

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nimelala nalo, nikaamka nalo. Umesema kikundi chenu kinatafuta jina la yale maigizo ya kuchekesha ambayo hayana maandishi, mwigizaji anabuni akiwa jukwaani, na mwenzako amependekeza "komedi ya papo kwa papo". Ukaniuliza: kweli Kiswahili hakina neno lake?

Lipo. Ni kichekesho. Cheka, chekesha, kichekesho.

Zamani hapa Dar es Salaam, ukienda kwenye onyesho la kikundi cha sanaa cha Muungano ulipata ngoma, sarakasi, taarab na vichekesho kwa kiingilio kimoja. Kichekesho kilikuwa cha watu wawili watatu. Nyuma ya jukwaa walishakubaliana nani mlevi, nani mkwe, na kisa kiishie wapi, basi. Maneno yalizaliwa mbele yetu.

Kimoja sijakisahau. Posa inajadiliwa, mara mtoto mchanga akaangua kilio katikati ya watazamaji. Mchumba akageuka: "Mama, mbembeleze mjukuu wako, tunapanga mahari!" Yule aliyecheza baba mkwe akaruka kitini: "Kumbe mna mtoto tayari? Mahari mara mbili!" Ukumbi ulilipuka. Mama mwenye mtoto alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Jambo lile halikupangwa na mtu, na kesho yake lisingejirudia. Hicho ndicho kichekesho, mwanangu: mtazamaji naye anakitunga.

Kenya walilichukua neno vitimbi, ambalo asili yake ni hila na visa, na kipindi cha televisheni cha akina Mzee Ojwang kikalipa sura ya vicheko. Kwetu, Mzee Small alipotutoka mwaka 2014, kisha King Majuto mwaka 2018, tulilia kwamba tumezika wachekeshaji.

Najua kinachowatia shaka vijana. Siku hizi mtu akitaka kudharau kikao anasema "kilikuwa kichekesho". Matumizi hayo yapo, lakini hayafuti lile la jukwaani, na inaniuma kuona neno zuri linaachwa kwa sababu ya midomo ya watu. Komedi mwachieni anayesimama peke yake na kipaza sauti, akisema aliyoyaandaa nyumbani.

Kwenye tangazo andikeni VICHEKESHO, kwa herufi kubwa. Kisha nijulishe tarehe. Nitakaa mbele, karibu na wenye watoto wachanga.

Mama yako