Tela ya kubeba tenti na spika: niache springi za Hilux au niweke ekseli ya mpira?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Mimi niko Koboko, Uganda, nakodisha tenti, viti na mziki kwa harusi na mazishi. Nilitengenezewa tela ya ekseli moja, tunaivuta na pikapu. Fundi wa kuchomelea aliweka springi za nyuma za Hilux na lifu zake zote, yaani zile bamba za chuma zinazolaliana, akasema hizo hazivunjiki maisha. Sasa tela ikirudi tupu inaruka kama mbuzi, waya za spika zimekatika ndani, nati za tairi zinalegea, na tukifika spidi ya 70 hivi kwa lami mkia unaanza kucheza. Juzi yubolti moja, ile bolti ya umbo la U inayobana springi kwa ekseli, imekatika. Kuna mtu ananiambia nitoe zote niweke ekseli ya mpira kama tela za Ulaya, mwingine anasema niongeze shokapu tu. Tela tupu ni kilo 350 hivi, mzigo peke yake ukijaa, pamoja na jenereta, ni kama 650.

JIBU: Pole na spika ndugu yangu. Fundi wako hakukudanganya, hizo springi kweli hazivunjiki haraka, lakini kwa tela yako hazipindi pia, na springi isiyopinda ni sawa na kukosa springi, kila shimo la murram linapanda moja kwa moja mpaka kwa chesisi na kwa spika zako. Watu wengi wanachagua springi kwa nguvu, eti yenye nguvu zaidi ndio nzuri, hapana, unachagua kwa uzito ambao itakaa nao kila siku.

Tupige hesabu ya tela yako. Mzigo ukijaa jumla ni kilo 1000. Toa kama 100 za ekseli, habu na tairi, hizo haziko juu ya springi. Toa kama 80 ambazo mdomo wa tela unapaswa kulalia pikapu. Inabaki 820, gawa mbili, kila springi inabeba kilo 410. Ikirudi tupu, 350 toa hizo 100, toa na kidogo cha mdomo, gawa mbili, kila springi inabaki na kama 110 tu! Sasa Hilux imeundwa kubeba karibu tani nzima kwa bodi na bado inabeba sehemu ya nyuma ya gari yenyewe, springi yake moja inapita kilo 600 bila shida, sasa uiwekee 110 itapinda na nini? Wewe tafuta ya kilo 450 mpaka 500 kila upande, basi.

Ekseli ya mpira mimi kwa kazi yako singeweka. Ni kitu kizuri, sisemi ni mbaya, ndani ya bomba la pembe nne kuna chuma kingine na katikati kuna raba zimebanwa, kiwandani wanazigandisha kwa baridi kali ndio waweze kuzisukuma ndani, zikirudi joto la kawaida zinavimba na kubana. Haitaki grisi, haina yubolti, inatembea kimya. Lakini siku raba zikichoka mkono unaoshika tairi unalala chini, na hakuna fundi wa Koboko wala Arua atakufungulia hiyo, unanunua ekseli nzima, na wakati unaingoja harusi za watu zinapita. Springi ya lifu ikivunjika saa nne usiku kijijini unaweza kufunga gogo juu ya ekseli ukarudi nyumbani polepole.

Kwa hiyo kama hela iko, tafuta springi za tela au za gari ndogo ya mizigo, ukimtuma mtu soko la vipuri la Kisekka pale Kampala mwambie uzito, urefu wa tundu mpaka tundu na upana, asikuletee tu "springi ya tela". Kama hela haiko, punguza lifu za hizo hizo za Hilux. Anza na ile nene ya chini kabisa kama iko, maana unene ndio unakula kila kitu, lifu ikiwa nene mara mbili ya nyingine ugumu wake ni mara nane. Ukishaitoa, pakia tela kama siku ya kazi halafu itazame kwa upande, lifu mama, ile ndefu yenye matundu, inapaswa kuwa karibu imenyooka, imebaki na upinde kidogo tu, na kati ya ekseli na chesisi kubaki kama inchi tatu. Kama bado imejikunja juu sana toa nyingine fupi. Lifu mama na ile ya pili yake usiguse. Na tafadhali, kabla ya kufungua senta bolti, ile inayopita katikati ya lifu zote, bana springi na klampu kubwa, zile lifu zinaruka na zinavunja vidole. Springi ikishakuwa nyembamba yubolti za zamani zinaishiwa nyuzi, nati inakaza chini lakini springi haijabanwa, kwa hiyo nunua mpya za kimo chake.

Hapo kwa yubolti nikae kidogo, maana yako imekatika na hiyo sio bahati mbaya. Yubolti ikishakazwa kabisa imevutika, ukiifungua usiirudishe, weka mpya, tena zote nne, sio ile moja iliyokatika. Baada ya safari ya kwanza na mzigo, kilomita 80 au 100, kaza tena, na nati za tairi hivyo hivyo, ukikuta rangi imepakwa pale rimu inapokutana na habu ikwangue, hiyo rangi ndio inasagika na nati zinalegea. Yubolti ikilegea senta bolti inabeba kazi isiyo yake, inakatika, ekseli inateleza na tela inaanza kutembea upande. Ushajua hiyo dalili? Pima kwa futi kutoka katikati ya mdomo mpaka kila mwisho wa ekseli, kushoto na kulia visipishane zaidi ya milimita 3. Na mtu yeyote asichomelee springi, hata tone moja, hata kufunga waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea pale, moto unaua ugumu wa kile chuma na kitakatika pale pale.

Mkia kucheza sio springi peke yake. Jenereta unaiweka wapi? Najua, nyuma, kwa sababu ndio rahisi kushusha. Isogeze mbele kidogo ya ekseli, viti juu ya ekseli, halafu chukua mizani ya kujipimia watu, weka kipande cha mbao juu yake na ushushe mdomo wa tela hapo, tela ikiwa sawa na ardhi. Chini ya kilo 60 itacheza tu, 80 hivi ni sawa, ukifika 150 imezidi.

Bushi za hizo springi, zile pete za ndani ya matundu yake, ni za raba, usizipige grisi, grisi inazila. Bolti zake ukizikaza, kaza tela ikiwa imesimama kwa tairi zake, ukikaza ikiwa juu ya jeki raba inajinyonga na kupasuka mapema. Oili chafu ya injini juu ya lifu mimi sipendi, murram inashika pale na inakuwa msasa, osha tu na maji. Beringi fungua mara moja kwa mwaka uoshe na uweke grisi mpya.

Shokapu iache kwanza. Lifu zikisuguana zenyewe zinazuia kuruka, ndio maana tela ndogo nyingi hazina. Fanya hayo mengine, na kama bado inaruka ikiwa tupu nitumie picha ya upande nione shekeli, kile kiungo kinachoshika mwisho wa springi kwa chesisi, imelala vipi, hapo ndio tutaongea za shokapu na urefu wake.